Kurekodi Televisheni: Lipi Halali, Lipi Wizi?

Somo kwa vikundi vya nyumba kwa nyumba. Someni kwanza: Kutoka 20:1–17, 2 Wafalme 6:1–7, 1 Wakorintho 9:7–14.



Katika somo hili tunataka kuzungumzia jambo ambalo wengine wataliona dogo, tena la vijana wa mjini. Lakini limeingia nyumbani mwetu, limewagusa wanakwaya wetu, na tumeulizwa habari zake na watu watatu baada ya ibada, mmoja Kibondo na wawili hapa Kasulu. Swali lenyewe ni hili. Mkristo amerekodi kipindi cha televisheni kutoka kwenye king'amuzi chake. King'amuzi kinakataa kipindi hicho kisitazamwe kwenye chombo kingine chochote. Je, akitafuta kifaa kingine cha kurekodia ili alikwepe kufuli lile, ametenda dhambi?

Tuanze na kisa kilichotufanya tulifikirie jambo hili.

Dada yetu mkubwa aliimba sauti ya pili katika kwaya ya Umoja wa Akina Mama kwa miaka mingi. Kituo kimoja cha televisheni kilipita huku kwetu milimani, kikaipiga picha kwaya hiyo, na Jumapili moja kikaionyesha. Nyumba ilijaa watu. Mpwa wetu alikuwa amenunua flashi mpya, akaichomeka nyuma ya king'amuzi, akabonyeza kitufe cha kurekodi kwenye rimoti. Tulimwona dada yetu mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, akiimba amefumba macho kama ilivyokuwa desturi yake. Kipindi kilirekodiwa chote. Kila mgeni aliyekuja baada ya hapo alionyeshwa, apende asipende.

Mwaka uliofuata dada yetu alilala katika Bwana. Kabla mvua za mwaka huo hazijaisha, radi ilipiga nguzo ya umeme karibu na nyumba yao, na wote mnaoishi Kasulu na Kibondo mnazijua radi zetu. King'amuzi kiliungua. Flashi ilikuwa salama kabatini, nasi tulimshukuru Mungu. Tukanunua king'amuzi kingine cha kampuni ile ile, tukaichomeka flashi. Jina la kipindi lilionekana, na tarehe, na saa. Picha haikutoka. Tukaichomeka kwenye kompyuta, ikawa hivyo hivyo. Tulipokwenda kwa wakala, alitueleza kwa upole kwamba kilichorekodiwa na king'amuzi kile hufunguliwa na king'amuzi kile tu, na kile kimekufa.

Mpwa wetu akasema, "Mjomba, yule ni mama yangu. Kifurushi nililipia, flashi nilinunua kwa fedha yangu. Sasa kufuli hili ni la nani?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Tukafanya kama mwalimu anavyofanya akishindwa swali mbele ya darasa: tukamwambia tutalitafuta.

Yafaa kwanza tuelewe kufuli lenyewe, kwa maana wengi hulilaani bila kulijua. Sisi wa umri huu tulikulia kwenye redio. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Tulipotaka kuhifadhi nyimbo za kwaya zilizotoka Radio Tanzania siku ya Jumapili, tulitia kaseti tupu kwenye redio kaseti, tukabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kumwomba kila mtu chumbani anyamaze. Kaseti ile ilipigwa kwa jirani, ikapelekwa Kibondo, ikarudi imechoka. Haikumwuliza mtu yeyote wewe ni nani.

Kanda za video zilipofika ilikuwa vivyo hivyo, mpaka katikati ya miaka ya 1980 ambapo makampuni ya filamu ya Marekani yalianza kutia hila ndani ya kanda zao. Hila hiyo iliitwa Macrovision. Mtazamaji hakuiona, lakini mashine iliyojaribu kunakili ilichanganyikiwa, na nakala ikawa inafifia na kung'aa, inafifia na kung'aa, hata macho yakauma. Huyo ndiye babu wa kufuli tunalolizungumzia.

Nchini kwetu mitambo ya zamani ya televisheni ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na kazi hiyo ilimalizika nchi nzima mwaka 2015. Tangu hapo picha husafiri kama hesabu, yaani tarakimu, na huhitaji king'amuzi cha kuzigeuza ziwe picha tena, kiwe nje ya televisheni au ndani yake. Tarakimu zina sifa moja ambayo kaseti haikuwa nayo: nakala ya mia ni sawasawa na ya kwanza. Hapo ndipo wenye mali waliposhikwa na hofu.

Basi yako matangazo ya aina mbili. Yako yaliyo wazi, ambayo chombo chochote cha mfumo unaofaa huweza kuyasoma. Na yako yaliyofumbwa, yaani yaliyovurugwa makusudi kabla ya kurushwa, ambayo husomeka tu kwa mwenye ufunguo. Fikirini sanduku la sadaka lenye kufuli, ambalo mweka hazina hubadilisha ufunguo wake kila baada ya sekunde chache, na kuwapelekea funguo mpya wale tu waliolipa kifurushi cha mwezi. Kazi hiyo ya kupokea funguo hufanywa na kadi iliyomo ndani ya king'amuzi, au na chembe iliyofungwa humo isiyoweza kutolewa. Siku kifurushi kikiisha, funguo haziji tena, na picha hukatika hata kama mpira uko kwenye penalti.

Sasa angalieni linalotokea wakati wa kurekodi. King'amuzi hufungua sanduku lile kubwa, hutazama yaliyomo, kisha kabla ya kuyaweka kwenye flashi huyafunga tena ndani ya kisanduku kidogo kwa ufunguo wake chenyewe. Ufunguo huo haumo kwenye flashi. Umo tumboni mwa king'amuzi. Radi ilipokiunguza king'amuzi cha dada yetu, iliunguza ufunguo.

Vijana wetu wengine walidhani wamepata njia kwa kuunganisha king'amuzi na kompyuta kwa ule waya bapa wa HDMI. Nao una mlinzi wake. Kabla ya kupitisha picha iliyolindwa, king'amuzi huuliza upande wa pili wa waya, "Wewe nani?" Televisheni hujibu kwa namba yake ya siri, na picha hupita. Kifaa cha kurekodia hakina namba hiyo, basi huambulia kioo cheusi. Waya za zamani zenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, haziulizi hivyo, na ndiyo maana mafundi wengi bado wanazitunza.

Kipo pia kifaa kidogo kiitwacho tyuna, ambacho huchomekwa kwenye kompyuta na kuunganishwa na antena au dishi bila kutumia king'amuzi cha kampuni yoyote. Kwa chaneli zilizo wazi hufanya kazi nzuri kabisa. Huandika kipindi kwenye kompyuta kama kilivyorushwa, na faili hilo hufunguka popote. Kwa chaneli zilizofumbwa tyuna hiyo peke yake hurekodi vurugu tupu, kwa sababu haina ufunguo.

Msifikiri taabu hii ni ya maskini tu. Marekani, ambako nyumba nyingi hupata televisheni kwa waya wa kampuni, sheria ya mwaka 1996 ilitaka mteja aweze kununua chombo chake mwenyewe badala ya kukodi cha kampuni. Ikapatikana kadi iliyoitwa CableCARD, iliyoanza kutumika mwaka 2004. Mtu aliomba kadi kwa kampuni yake ya waya, akaitia ndani ya tyuna aliyonunua dukani, kama ile ya HDHomeRun Prime iliyoweza kupokea vipindi vitatu kwa wakati mmoja, na vipindi vikaenda kwenye kompyuta za nyumbani. Lakini kila chaneli ilibeba alama: nakili upendavyo, nakili mara moja tu, au usinakili kamwe. Kampuni nyingine ziliacha chaneli nyingi wazi. Nyingine ziliweka alama ya "mara moja tu" karibu kila mahali, na hapo mteja aliyelipa kila senti alijikuta rekodi zake zinafunguka kwenye kompyuta iliyorekodi tu, kwa programu moja ya Microsoft iliyoitwa Windows Media Center. Mwaka 2015 Microsoft walitoa Windows 10, na programu hiyo haikuwemo. Kompyuta ya zamani ikifa, rekodi nazo zimekwenda. Wale hawakuhitaji hata radi.

Tumeeleza kwa urefu ili ndugu zetu waone jambo moja: kufuli halijui tofauti ya mwizi na mfiwa. Limetengenezwa kumzuia mwizi, na likimkuta mfiwa humzuia vile vile. Kwa hiyo swali la dhambi haliwezi kujibiwa na kufuli. Hapana budi tulijibu sisi, kwa Maandiko na kwa sheria ya nchi.

Kuhusu sheria, kesi mashuhuri kuliko zote ilihukumiwa Marekani tarehe 17 Januari 1984. Makampuni ya filamu ya Universal na Disney yaliishtaki kampuni ya Sony kwa kuuza mashine ya Betamax, yakidai kwamba mashine hiyo ni chombo cha wizi. Majaji watano dhidi ya wanne wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo waliamua kwamba mtu anayerekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye hajakosea. Miongoni mwa ushahidi walioutaja ni wa Fred Rogers, mtangazaji wa kipindi cha watoto, ambaye pia alikuwa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri. Yeye alieleza mahakamani kwamba hakuona ubaya wazazi wakirekodi kipindi chake, maana wangeweza kukitazama pamoja na watoto wao kwa saa inayowafaa. Tunapenda sana ushahidi ule. Mwenye kazi ndiye aliyesimama na kusema, chukueni.

Hapa Tanzania Bara tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na ofisi inayoisimamia ni COSOTA. Sheria hiyo inampa mtunzi, mwimbaji na mtangazaji haki juu ya kazi zao. Pamoja na hayo inaruhusu mtu kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kihalali kwa matumizi yake mwenyewe ya faragha tu. Tena inakataza kutengeneza au kuingiza nchini kwa biashara vifaa vilivyoundwa makusudi ili kuvunja kinga ya kunakili, au kuwawezesha wasiostahili kupokea matangazo yaliyofumbwa. Na mwaka 2023 Bunge liliweka tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kurekodi na kunakili, ili sehemu ya fedha hizo iwafikie wasanii. Kwa maneno mengine, serikali inajua kwamba watu hunakili majumbani, na imeona afadhali kukusanya kitu kwa ajili ya watunzi kuliko kuingia kila sebule.

Hapo mpwa wetu alitabasamu. Lakini somo halijaisha, na upande wa pili unatuuma zaidi sisi wa parishi.

Kwaya moja tunayoifahamu ilichangishana fedha kwa misimu miwili ya maharage ili irekodi nyimbo zake studio. Wengine waliuza mbuzi. Waliporudi na diski zao kutaka kuziuza sokoni, walikuta nyimbo zile zile zinatiwa kwenye memori kadi katika vibanda vya simu, pamoja na nyimbo za kila aina, za dini na za dunia, kwa bei ya andazi. Mwenye kibanda alikuwa muumini mwenzao. Alipoulizwa alijibu kwamba anaeneza Injili. Diski nyingi zilibaki katika maboksi nyumbani kwa katibu wa kwaya, na deni la studio lililipwa kidogo kidogo kutoka mifukoni mwa akina mama wauza ndizi. Tulipowaona wakilipa, tulikumbuka mafundisho ya Mtume Paulo kwa Wakorintho kwamba anayepanda mizabibu hula matunda yake, na anayechunga kundi hupata maziwa yake. Paulo mwenyewe aliiacha haki yake kwa hiari. Hakusema kwamba mwingine anaweza kumwachisha kwa nguvu.

Ndiyo maana tumeweka katika masomo ya leo kisa cha shoka katika 2 Wafalme. Mwana wa manabii anakata mti kando ya Yordani, chuma cha shoka kinachomoka na kuzama majini. Analia. Halii kwa sababu ya kazi kusimama, analia kwa sababu shoka lile liliazimwa. Tumewafundisha watoto kisa hicho miaka mingi kama habari ya muujiza, na ni kweli ni muujiza, lakini kilio chake nacho ni fundisho. Lilikuwa mkononi mwake, alikuwa na ruhusa ya kulitumia, na bado alijua si lake. Kipindi tunachokipokea sebuleni ni hivyo hivyo. Tuna ruhusa ya kukitumia. Hatukukitunga.

Kwa hiyo basi tunaweza kusema, kwa kadiri ya ufahamu tuliojaliwa, ya kwamba mtu aliyelipia kifurushi chake halali, au anayetazama chaneli iliyo wazi, akirekodi kipindi ili yeye na watu wa nyumbani mwake wakitazame baadaye, hajaiba kitu cha mtu. Akitumia tyuna yake mwenyewe au zile waya za zamani kwa kusudi hilo hilo, hatumhesabii kosa. Mtunzi hakupoteza chakula chake, na mtangazaji amekwisha kulipwa. Hapa najua mzee mmoja wa kanisa hatakubaliana nasi. Yeye anasema mkataba wa kampuni ni mkataba, na ukisaini umesaini. Neno lake lina uzito, na kila mtu asome karatasi aliyopewa na kampuni yake.

Kununua king'amuzi kilichochakachuliwa, au kuunga kwenye kadi ya mtu mwingine ili chaneli za kulipia zifunguke bure, ni jambo jingine kabisa. Huko ni kula bila kulipa, na sheria inalitaja. Halikadhalika yule anayerekodi mechi au filamu na kuionyesha kwa kiingilio kwenye kibanda umiza. Matumizi ya faragha hukoma pale kiingilio kinapoanza. Vijana wa parishi moja, ambayo hatutaitaja, walitaka kufanya hivyo hivyo ukumbini ili kupata fedha za mabati ya kanisa. Kusudi jema halibadilishi mali ya mtu kuwa yetu, na Mungu hana upungufu wa mabati kiasi hicho.

Yako ya kufanya. Kwaya au mtaa ukitembelewa na televisheni au redio, kiongozi aombe mapema, kwa barua yenye sahihi ya Mchungaji, kupewa nakala ya kipindi isiyo na kufuli. Ni rahisi kuipata wakati wapiga picha wanahitaji hisani yetu kuliko mwaka mmoja baadaye. Siku hiyo hiyo kijana mmoja awe na simu au kamera yake pembeni arekodi ibada, kwa ruhusa ya waimbaji. Hiyo itakuwa ya parishi yenyewe. Nakala zikae mahali pawili, kwa mfano moja ofisini kwa Mchungaji na nyingine kwa katibu wa kwaya, kwa kuwa flashi nazo hufa bila kuaga. Na mwenye rekodi kwenye king'amuzi asihesabu kwamba anayo. Anayo kadiri king'amuzi kinavyoishi. Radi ikianza kunguruma, achomoe waya wa umeme na waya wa dishi pia. Wengi huchomoa wa umeme peke yake, na radi huingilia kwenye dishi.

Mtauliza yaliyompata mpwa wetu. Tuliandika barua kwa kituo kile. Walijibu kwa heshima kwamba vipindi vya mwaka ule vilikwisha kufutwa ili kupata nafasi. Hatukuwalaumu sana, maana hata sisi shuleni tulifuta ubao kila jioni. Flashi ile bado ipo, imefungwa katika leso ya marehemu.

Lakini mjukuu mmoja, binti wa darasa la sita, alikuwa ameishika simu ya baba yake siku ile ya Jumapili, akaielekeza kwenye televisheni bila kumwambia mtu. Ni dakika moja na nusu. Picha inatikisika, kichwa cha mtoto mmoja kinapita mbele ya kioo, na sauti ya mjomba mtu inasikika ikiomba chai, jambo ambalo tumelionea haya. Katikati ya hayo dada yetu anaonekana, mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, amefumba macho. Mpwa wetu ameinakili kwa ndugu wote, Kibondo, Kakonko na Kigoma mjini.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi. Je, mwenye kibanda aliyetia nyimbo za kwaya kwenye memori kadi angefanya nini leo ili atengeneze na wanakwaya, na je, sisi tuliozinunua kwake tunadaiwa? Mzee wa kanisa asemaye mkataba ni mkataba, mngemjibu nini? Katika mtaa wenu, ni nani anayetunza rekodi na picha za ibada, na mara ya mwisho kuzifungua na kuzitazama kama bado zinafanya kazi ilikuwa lini?